Toa Sauti, Fundi

Vijana wangu, kila mnaponiuliza jinsi tulivyotengeneza mwangwi kabla ya kompyuta, huwa nawajibu kwamba tuliupata bure, vita vilituachia. Mnacheka. Lakini sisemi uongo. Pale Wanyange, nje kidogo ya Jinja, kulikuwa na ghala la pamba ambalo mwenyewe alishaondoka nchini. Vita vilipopita watu wakabeba marobota, wakabeba mizani, wakabeba milango, mwisho wakang'oa hata misumari. Zikabaki kuta, bati, na sauti yako mwenyewe ikikurudia. Ukikohoa mlangoni, ghala linakohoa mara nne.

Huo ndio uliokuwa mtambo wetu. Spika huku, kipaza sauti kule, katikati hewa tupu. Ukitaka mwangwi mrefu unasogeza kipaza sauti nyuma, ukitaka mfupi unakisogeza mbele, halafu unasubiri popo watulie. Hakuna kitabu kitakachowaambia habari za popo. Kuna kazi moja tuliyoirudia siku tatu kwa sababu ya popo mmoja mkaidi, na watu wa Mbale wakaja kuusifu ule mlio wake, wakidhani ni ala ya kizungu.

Mimi ni Ramadhani, Fundi Rama. Nimetengeneza redio na kunakili kaseti mjini Jinja mpaka macho yalipokataa kuona waya. Kwetu ni Wanubi. Baba alikuwa askari wa mawasiliano, na kuchomea waya kwa risasi nilijifunza mezani kwake kabla sijajua kunyoa ndevu. Kanuni yake ilikuwa moja: usiguse waya ukiwa umeziba masikio. Alikuwa na maana kwamba fundi asikilize kwanza mashine inalalamika nini, ndipo afungue. Ninyi mnafungua kwanza, halafu mnaanza kuuliza. Samahani, lakini ndivyo mlivyo.

Baada ya vita kuiangusha serikali ya askari, kuitwa Mnubi mjini Jinja ilikuwa kesi tosha. Watu walikuwa wameumizwa na askari waliosema Kiswahili, na sisi Kiswahili tumekinyonya pamoja na maziwa. Mama na ndugu zangu wakavuka mpaka, wakafikia Kibera. Mimi nikabaki kwa ukaidi, na kwa sababu jirani mmoja Msoga alinifichia mashine zangu mbili chini ya mihogo yake. Waliovuka walisema watarudi hali ikitulia. Hali ilipotulia walikuwa wameshazoea huko, na mama akazikwa huko. Nikabaki mtu wa kugeuka sokoni kila nikisikia Kiswahili, nikidhani ni mtu wa kwetu, kumbe ni askari anaulizia nyama.

Nilikuwa mpweke, siwafichi. Na upweke wa fundi wa kaseti una ubaya wake, maana kutwa nzima unasikiliza sauti za watu ambao hawapo.

Basi, kazi ile tuliiita kudabu. Mtu analeta kaseti yake, unamnakilia kwenye nyingine, hiyo ndiyo dabu, hakuna siri. Asubuhi moja akaingia dukani mtu mrefu, nywele zimesokotana mpaka mabegani, kaseti mkononi.

"Fundi," akasema, "mimi na mimi nataka dabu."

Nikachungulia nyuma yake nimwone wa pili. "Nyinyi iko wangapi?"

"Mimi na mimi. Ni mimi na Mungu ndani yangu."

"Kale," nikamwambia, yaani haya, "karibuni wote wawili. Benchi ni moja, mtabanana."

Alikuwa Gidudu, Mgisu wa Mbale, amepanga chumba Namakwekwe, mtaa wa hukohuko, na alikuwa Rasta wa kweli, si wa kofia. Nikamnakilia kaseti yake. Akasikiliza, akatikisa kichwa. "Hapana, hii si dabu. Toa sauti."

Nikaongeza sauti.

"Toa, fundi!"

Nikaongeza tena.

"Toa! Toa yote!"

Nikazungusha kitufe mpaka mwisho, spika ikachanika karatasi, mama muuza chai wa jirani akaangusha sufuria. Gidudu akashika kichwa kwa mikono miwili. Alitaka niiondoe sauti. Dabu yake yeye, akanieleza, ni ile ya reggae: unachukua wimbo, unaondoa mwimbaji, unaacha ngoma na besi, kisha neno moja moja unalirusha kwenye mwangwi lipotee. "Mtu anaondoka," alisema, "na Mungu nabaki. Ndiyo dabu."

Mnaijua lugha, mmeshaiona shida. Kutoa ni kuondoa, na kutoa huohuo ni kuleta nje. Unatoa takataka na unatoa salamu. Kiswahili cha Gidudu kilikuwa cha kuazima, alichukua neno la karibu akaenda nalo. Tukakubaliana siku ileile, tukicheka mbele ya spika iliyokufa: baina yetu, "toa sauti" ni kuiondoa. Na kwa miaka yote tuliyofanya kazi, ndivyo ilivyokuwa.

Nawaambia sasa jinsi tulivyofanya, maana najua mmelijia hili. Mashine zangu zilikuwa za kanda pana za magurudumu, zenye njia mbili. Sauti ya Gidudu tuliiweka njia ya kushoto, ngoma na besi njia ya kulia. Ukitaka dabu, unarekodi kimya juu ya njia ya kushoto. Mashine inaramba sauti yote, kulia kunabaki salama. Lakini kimya kikishaingia hakitoki, kwa hiyo unaanza na nakala. Kwanza nakala, halafu kisu. Niliwafundisha hivyo wote waliopita dukani kwangu. Hedi, vile vichwa vinavyosoma kanda, zisafisheni kwa pamba na waragi kidogo, na mimi Mwislamu niliyekuwa nanunua waragi kwa ajili ya mashine nilijibu maswali mengi sana msikitini.

Ngoma zake zilikuwa kadodi, zile za Wagisu wakati wa tohara, ambazo mwendo wake unamfanya hata mzee mwenye fimbo arukeruke. Yeye alizipunguza mwendo. Alizipunguza mpaka wazee wa Mbale wakauliza kama wapigaji wanaumwa. Mashine yangu moja nilimwazima akakaa nayo Namakwekwe, wakawa wanarekodi huko na kuniletea kanda. Kabla yake sikuwahi kumsikia mtu mwingine upande wetu huu akifanya reggae ya Kiswahili, sembuse kuivua nguo ikabaki mifupa.

Na hicho Kiswahili ndicho kilichomponza. Mjini watu walikuwa wakisikia Kiswahili kwenye spika, miguu inakufa ganzi. Ilikuwa lugha ya vizuizi vya barabarani, lugha ya "lala chini". Nikamwuliza kwa nini asiimbe Kigisu, au Kiganda kama wenzake. Akanijibu bila kuniangalia: "Wale walichukua baba yangu, nataka waelewe."

Siku moja, kabla ya kufika daraja la Jinja, askari alitushusha garini. Akazishika zile nywele. "Hii nywele ni ya msituni?"

"Ni ya Mungu, afande," Gidudu akasema.

"Mungu hana kinyozi?"

"Iko na moja, afande. Bado hajaniita."

Mimi nilikuwa nimeshaanza kusoma shahada moyoni. Askari akacheka, akatuacha. Tulipofika mbele nilimtukana Gidudu kwa lugha zote ninazozijua, na yeye akaniambia nina imani ndogo kwa mtu anayeswali mara tano.

Tuligombana sana juu ya dini, ugomvi wa raha. Yeye Sayuni yake ilikuwa juu ya mwamba wa Wanale, ule unaouona ukiwa popote Mbale. Nilimwambia kule juu najua kuna migomba na baridi. Pombe hatugusi sote, nguruwe hatugusi sote, na yeye hata chumvi hagusi. Alinipikia malewa, yale machipukizi ya mwanzi wanayoyala kwao kwa karanga, bila punje ya chumvi. Nilikula kwa heshima tu.

Ramadhani ya kwanza baada ya ndugu zangu kuondoka nilikuwa nikifuturu peke yangu kwenye kizingiti cha duka. Gidudu akaliona jambo hilo. Tangu siku hiyo, kila alipokuwa Jinja mwezi ule, alifunga na mimi. Hakusema ni kwa ajili yangu, alisema Rasta naye ana mfungo wake. Tulikaa na viazi vyetu tukisubiri adhana, yeye akiuliza kila dakika kama mwadhini amelala. Sijawahi kumshukuru kwa hilo. Tulikuwa wanaume wa kutaniana, shukrani hazikupata nafasi.

Kitu kingine mnachotakiwa kukijua ni ile "Jah" yake, jina wanalomwitia Mungu. Tulifunga vyombo Wanyange kwenye arusi, akaanza kuimba kwamba Jah yupo, Jah yupo kila nyumba. Akina mama wauza samaki wakaitikia kwa uchungu wa kweli: "Njaa iko! Njaa iko!" Miaka ile sukari ilikuwa hadithi, sabuni tunaiota. Gidudu alinuna kwanza. Halafu akaanza kucheka mpaka akakaa chini na gitaa lake. "Fundi," akasema, "hawa naimba kweli kuliko mimi."

Mtu mmoja tu hakuwahi kuimba naye wala kumsikiliza, mama yake. Aliishi Malukhu, mjini Mbale. Gidudu akiwasha kaseti tu, mama anachukua kikapu anatoka nje. Baba yake Gidudu alichukuliwa nyumbani mbele ya mama huyo, na waliomchukua walisema Kiswahili. "Mama hapana jua Kiswahili," aliniambia. "Yeye najua tu ni sauti ya bunduki." Alisema kama mtu anayeeleza hali ya hewa, lakini kila aliporudi kutoka kwa mama alikaa siku mbili bila utani.

Sasa nifike pale ambapo nimekuwa nikipazunguka.

Hali ilikuwa imeharibika tena, safari hii upande wa Soroti. Barabara zilikuwa za bahati. Siku moja kondakta wa basi la Mbale akaniletea kanda imefungwa kwa majani makavu ya mgomba, na karatasi ndani. Mwandiko wa Gidudu: "Fundi Rama, hii iko moja tu. Toa sauti. Nakuja Ijumaa."

Nikaiweka kwenye mashine, nikaisikiliza mara mbili kupima vipimo. Ulikuwa wimbo wa Kigisu. Nilishangaa, nikapendezwa, lakini Kigisu sikijui. Sauti yake ilikuwa chini sana, ya mtu anayeimba karibu na sikio, na zile kadodi zimemfunika. Nikasema, naam, ngoma hizi zina nguvu, hii ameikusudia iwe dabu. Kanda wala kaseti tupu ya kufanyia nakala haikuwepo dukani, wala Jinja nzima sidhani. Nikasema, nakala yenye sauti anayo huko Namakwekwe, kwani mtu mwenye akili hutuma kanda ya pekee kwa kondakta wa basi? Na hiyo "iko moja tu" niliisoma kwamba leo kuna wimbo mmoja, kazi ni fupi.

Nikarekodi kimya juu ya njia ya kushoto, mwanzo mpaka mwisho. Kisha nikabeba spika na mashine kwenda ghalani, nikautia mwangwi kwenye njia ileile iliyobaki tupu. Nawaambia ukweli unaonichoma mpaka leo: ilikuwa dabu nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Nilikaa nikiisikiliza, nikingoja Ijumaa nijisifu.

Ijumaa hakuja. Jumatatu kondakta yuleyule akasimama mlangoni, hakuingia. Gidudu alikuwa amepanda lori kwenda kupiga muziki njia ya Soroti, lori likasimamishwa. Akina nani walilisimamisha hatukuwahi kujua. Wenyeji walimzika hukohuko walikomkuta ameuawa.

Nilikaa chini. Kondakta naye akakaa, na baadaye akauliza, nadhani kwa kutafuta neno jema la kusema: "Na ile wimbo ya mama yake, ulimaliza? Aliniambia sauti iko chini, ngoma nafunika. Alisema, Fundi Rama ataitoa, mama asikie."

Nilitazama ile mashine.

Mara ya kwanza aliponiambia niitoe, niliipandisha. Mara ya mwisho aliponiambia niitoe, niliifuta. Nilifunga duka, nikaweka sikio kwenye spika, nikaitafuta sauti ya Gidudu kwenye njia ya kulia. Wakati mwingine sauti huvuja ikaingia kwenye kipaza sauti cha ngoma. Nilitafuta siku nyingi, nikala kidogo, nikaacha hata kwenda msikitini. Hakuna kilichovuja. Wapigaji wake wale, nilikwenda Namakwekwe kuwauliza, wakathibitisha kwamba nakala nyingine haikuwepo. Mmoja alisema waliiimba mara moja tu, na Gidudu aliwaambia watazame ukutani.

Miezi ilipita sijaenda Malukhu. Uongo nilikuwa nao tayari, na ulikuwa uongo mzuri: dabu haina sauti, ndivyo mwanao alivyotaka iwe. Nani angenipinga? Mama mzee asiyejua Kiswahili wala dabu? Nikaidabu ile kazi kwenye kaseti, nikachukua redio ya betri, nikapanda basi la Mbale na uongo wangu mdomoni.

Alikuwa mama mfupi, mkavu, mwenye macho yasiyokimbia. Kwa ishara nikamwonyesha kaseti, nikataja jina la mwanawe. Akanionyesha kigoda. Nikabonyeza, nikangoja achukue kikapu chake aondoke.

Hakuondoka. Alikaa ameinamisha kichwa, mikono mapajani, anasikiliza kadodi zinavyokuja na kupotea kwenye mwangwi. Alisikiliza wimbo mzima. Kaseti ikakwaruza, ikafika mwisho. Akainua uso.

"Afande," akaniambia kwa Kiswahili, "mtoto yangu naanza kuimba saa ngapi?"

Ule uongo niliusahau wote. Nikamweleza. Nilimweleza neno, karatasi, njia ya kushoto, kila kitu, kama mtoto aliyevunja chungu. Alinisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza nikauliza kijinga: "Mama, kumbe Kiswahili unajua?"

"Nilijifunza kwa geti ya kambi. Miaka mbili nauliza mzee yangu iko wapi. Asubuhi nakwenda, nauliza. Wale hapana jibu Kigisu."

"Na nyimbo zake?"

"Yote nilielewa. Ile ya baba yake nilielewa sana. Ningesema nini? Watoto watauliza, Mama, hiyo Kiswahili ulitoa wapi."

Kuku wake mmoja aliingia akatoka. Halafu mama akasema, "Hii wimbo, wewe ulisikia?"

"Mara mbili, Mama. Lakini Kigisu sikijui."

"Kale. Sema ile ulisikia."

Vijana, mimi nimelelewa madrasa. Tangu nina miaka mitano nimefundishwa kushika maneno ambayo siyajui maana, kwa sikio, kwa mdundo, bila kupunguza herufi. Nilikuwa sijui kama kazi ile ingenifaa siku moja mbele ya mama Mgisu. Nikafumba macho. Ule mstari wa kwanza ukaja wote. Wa pili ukaja nusu, ukakatika. Maneno niliyasema tu, sikuthubutu kuimba. Nilipofungua macho alikuwa ameshika mkono wangu wa kulia, ameubana kwa nguvu nisizozitarajia.

"Tena."

Nikasema tena. Akanisahihisha herufi moja. Nikasema tena, na safari hii midomo yake ilikuwa inakwenda pamoja na yangu. Alinirudisha mara nyingi, sikuhesabu. Hakulia, mimi ndiye niliyelia. Mwishoni nikamwuliza maneno hayo maana yake ni nini.

Akaachia mkono wangu. "Hiyo iko yangu," akasema.

Nilikwenda Malukhu kila nilipopata nafasi, kwa miaka, nikimpelekea zile kaseti zenye sauti, na tulizisikiliza zote, za Kiswahili, yeye akitikisa kichwa pale mwanawe alipokosea lugha. Lakini hatukuachana siku yoyote kabla hajasema, "Kale, sema." Nami nasema. Kisha akafa, kifo cha uzee, na nikasimama nyuma kabisa kwenye mazishi, Mnubi mmoja katikati ya Wagisu. Hakuna aliyejua mimi ni nani kwake.

Wagisu wamejaa Jinja. Mwanamke anayeuza nyanya nje ya lango langu ni Mgisu wa Mbale, ningemwuliza kesho angenifasiria kabla hajamaliza kupanga fungu. Sijamwuliza. Mstari ule na nusu nausema peke yangu kila siku baada ya swala ya asubuhi, polepole, nisije nikaipoteza ile herufi.

Najua mnachotaka. Mmeniomba mara ngapi niyaseme mbele ya simu zenu, mtafute maana, myatie ngoma, yasipotee nitakapokufa. Ninyi ni watoto wazuri, na simu zenu zina masikio makali kuliko mashine yoyote niliyowahi kuishika. Kila kitu kingine nimewapa: kanda, ghala, popo, yote chukueni. Lakini hayo maneno yana mwenyewe, na hakuniachia ruhusa.